Prosesa Iliingia, Kompyuta Ikakataa

Leo naleta kosa langu mwenyewe. Lilinila elfu sitini na tano, na nusura linikimbizie mteja. Kama unatumia kompyuta ya mezani ya mtumba, soma hadi mwisho.

Niko Ulemo, huku Iramba, Singida. Nauza mafuta ya alizeti na asali kwa WhatsApp na Instagram. Oda napokea kwa simu, ila lebo, picha na hesabu nafanyia kwenye Dell OptiPlex 790, mashine ya mwaka 2011 yenye prosesa ya Core i3-2100. Ilikuwa imechoka. Nafungua picha tatu, naenda kuchota maji, narudi bado inazunguka tu.

Nikaona tangazo la duka moja la Kariakoo: "Core i5-3470, inaingia mashine zote za soketi 1155." Mashine yangu ni 1155. Nikalipa elfu hamsini na tano, na elfu kumi ya basi. Basi la Mwanza likaushusha mzigo Misigiri, nikaufuata kwa bodaboda.

Nikaifunga kwa kufuata video. Ilikaa vizuri kabisa. Nikawasha: feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi. Nikazima, nikawasha tena. Nyeusi. Ilikuwa Jumatano jioni, na mteja wa Dodoma alishalipa advansi ya chupa 40 za kupokea Jumamosi. Lebo zake zote zilikuwa ndani ya mashine hiyo.

Nikampigia fundi mmoja wa Singida mjini.

"Dada, mashine yako namba ngapi?"

"790."

"Na prosesa uliyoweka?"

"i5-3470."

"Basi hujaua kitu. Rudisha ya zamani taratibu, usiguse vile visindano vya kwenye soketi. Hiyo mpya mazabodi yako haiitambui."

Nikarudisha. Ikawaka. Lebo nikachapisha usiku huohuo.

Hivi ndivyo alivyonifafanulia. Tundu kulingana ni jambo moja, mashine kukubali ni jambo lingine. Ndani ya mazabodi kuna programu ndogo inaitwa BIOS, inayoamka kabla ya Windows. Kazi yake ya kwanza ni kuitambua prosesa. Isipoitambua, mashine haiendi popote.

Soketi 1155 ilitumika kwa prosesa za Intel za kizazi cha pili (namba zinaanza na 2, kama i5-2400) na cha tatu (zinaanza na 3, kama i5-3470). Lakini chipuseti za Q65 na Q67, zilizomo kwenye mashine nyingi za ofisi za mwaka 2011, zinaishia kizazi cha pili. 790 yangu ina Q65. Mazabodi nyingi za H61 zinakubali cha tatu, ila mpaka usasishe BIOS kwanza. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 inakubali vyote viwili.

Kabla hujatuma hela, fanya haya:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32. Utaona modeli ya mashine na toleo la BIOS. Piga picha.

2. Ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine, tafuta modeli yako, soma orodha ya prosesa zinazokubalika. Isipokuwemo, achana nayo.

3. Ikiwa inahitaji BIOS mpya, sasisha ukiwa bado na prosesa ya zamani. Tumia UPS. Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa.

4. Linganisha wati. i3-2100 ni wati 65, i5-2400 ni 95. Hakikisha feni inamudu, na weka pesti mpya ya joto.

Nilimrudia muuzaji nikiwa nimewaka. Akanijibu kwa upole: "Dada, nilikuuliza mashine gani, ukasema Dell ya zamani." Nikarudi juu kwenye meseji. Kweli, ndivyo nilivyoandika.

Ile i5-3470 nimeiuza elfu arobaini. Kwenye tangazo niliandika: "Haifanyi kazi kwenye OptiPlex 790. Nitumie modeli yako kwanza." Watu wanne waliuliza, wawili nikawakatalia, wa tatu akapotea, wa nne ana 7010 na inamfanyia kazi hadi leo. Mimi nimeweka i5-2400, na picha zinafunguka bila safari ya maji.

Wewe unayeuza chaja, vioo vya simu au vipuri, kabla hujaandika "inaingia zote", muulize mteja modeli. Hao wawili niliowakatalia, mmoja alirudi wiki iliyofuata kununua asali.