Meno ya Kahawia Si Uchafu

Yako maneno yanayosemwa Goba, na katika vitongoji vingine vya Dar es Salaam vilivyopokea watu wa kila mkoa, ambayo hayamfai mtu aliyelelewa katika udugu. Kijana wa Arumeru, Hai au Singida akicheka na meno yake ya kahawia yakaonekana, huulizwa kama kwao hapana miswaki. Naye hujifunza kucheka huku mkono umeziba kinywa.

Ndugu wasomaji, meno hayo yametiwa rangi na maji. Mawe ya volkano yaliyotandaa katika Bonde la Ufa, tangu Ethiopia kupitia Kenya hadi kwetu, yana madini ya floraidi, na maji yapitayo chini ya ardhi huyayeyusha na kuyachukua hadi visimani. Maji hayo hayajulikani kwa rangi wala kwa ladha. Mtoto ayanywapo wakati meno yake yangali yakijijenga ndani ya ufizi, yaani kabla ya miaka minane hivi, meno huota yakiwa na madoa yasiyoondoka kwa mswaki wowote. Floraidi ikizidi mno kwa miaka mingi, hata mifupa hudhurika, mgongo ukakakamaa na miguu ikapinda.

Wala si sisi peke yetu. India na China wanayo taabu hiyo hiyo. Huko Colorado Springs, Marekani, daktari wa meno Frederick McKay aliyaona madoa hayo tangu mwaka 1901, na jibu halikupatikana ila mwaka 1931: floraidi ya maji. Kidogo chake hulinda meno yasioze, ndiyo maana mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ulianza kuitia majini kwa makusudi.

Kiasi kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu, mwaka 1974, iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8. Kwani visima vingefungwa, wananchi wangekunywa nini? Hatuwalaumu waliokata shauri hilo. Lakini lililokuwa la muda lilidumu miaka mingi. Baadaye kiasi kilishushwa hadi 4, na sasa ni 1.5, ingawa karatasi haichuji maji.

Kinachochuja ni kazi kama ile ya kituo cha Ngurdoto, Arumeru, ambako mifupa ya ng'ombe huchomwa ikawa mkaa unaonasa floraidi. Kuyachemsha hakusaidii kitu: maji hupungua, floraidi hubaki pale pale. Magadi ya kupikia nayo huweza kuongeza sumu hiyo chunguni.

Maji ya mvua hayana taabu hiyo. Basi mfanyakazi wa Goba atumaye nyumbani Arumeru fedha za mabati, na azidishe za mifereji ya kukingia mvua na za tangi, maji hayo yawekwe kwanza kwa ajili ya watoto wadogo.