BUNDUKI YA MWINDAJI IREKEBISHWE KWA MASAFA GANI?

Nyuma ya bandari ya Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, mashamba ya muhogo na mahindi yamepakana na vichaka. Nguruwe mwitu huweza kuharibu kwa usiku mmoja jasho la msimu mzima. Mwindaji mwenye kibali aitwapo kusaidia, yampasa ajue kwanza bunduki yake hupiga sawasawa umbali gani.

Risasi haiendi kama uzi uliovutwa. Hata ikitoka mtutuni kwa mwendo wa meta 820 kwa sekunde, ifikapo meta 100 huwa imekwisha kushuka kadiri ya sentimeta 8. Kwa hiyo mtutu huelekezwa juu kidogo, ili risasi ikutane na mstari wa jicho mbele. Umbali wa makutano hayo ndio wa kuchaguliwa.

Chukua bunduki ya .30-06 yenye darubini na risasi ya greni 180. Ikirekebishwa kwa meta 200, hupiga juu kwa sentimeta 6 hivi mnyama aliye meta 100. Ikirekebishwa kwa meta 100, hupiga karibu sawasawa hata kwenye meta 50, ila kwenye meta 200 hushuka sentimeta 13 hivi. Mbugani pa wazi, meta 200 zina faida. Vichakani, ambako mnyama huonekana kwa karibu, meta 100 zatosha. Askari aliyezoea AK iliyopangwa kwa meta 300 asiuhamishie uwindaji mazoea hayo.

Majaribio yafanywe mahali palipoidhinishwa, penye kingo ya udongo, kwa risasi zile zile za kuwindia. Bunduki iegemezwe, zipigwe tatu, ndipo darubini irekebishwe. Kisha ithibitishwe kwenye meta 50.

Polisi na majirani waarifiwe mapema. Mji huu ulishambuliwa Oktoba 2017, ukatekwa Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021. Kwa familia zilizorejea, mlio wa bunduki usiotarajiwa huweza kuwakimbiza watu majumbani mwao.

Mnyama aliyejeruhiwa naye hujificha njiani mwa akina mama waendao kuchanja kuni. Basi mwindaji asijisifie umbali. Asiyeweza kupiga kwa hakika na asogee karibu, au ashushe bunduki yake.