Mkulima wa Pasheni na Kisu Chake

Katika vilima vya Kisii na Nyamira shamba la mtu mmoja huwa dogo, kwani ardhi imegawanywa baba kwa mwana vizazi vingi. Kwa hiyo kila kipande kilicho karibu na nyumba kina thamani yake, na ndiyo sababu wengi wamepanda mipasheni, ambayo wengine huiita mikarakara, nyuma ya nyumba au kando ya migomba. Mmea huu hauhitaji mahali pakubwa. Unahitaji nguzo, waya, na mkono usioogopa kukata.

Wako waliotamani kupanda mizabibu. Mzabibu hustawi Dodoma, Tanzania, ambako mvua ni chache na hewa ni kavu. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na unyevu wa namna hiyo huleta ukungu katika zabibu. Pasheni ya zambarau, kinyume chake, huipenda nchi ya juu yenye mvua. Mimea hiyo miwili si ya ukoo mmoja, lakini tabia zake zafanana: yote hutambaa, na yote huzaa juu ya machipukizi mapya. Asiyekata hapati machipukizi, na asiyepata machipukizi hapati matunda.

KUPANDA

Inafaa kununua miche iliyounganishwa, yaani pasheni ya zambarau juu ya shina la pasheni ya njano, kwa kuwa ile ya njano huustahimili vizuri zaidi ugonjwa wa mnyauko utokao udongoni. Shimo liwe la sentimita 45 kila upande, lichanganywe samadi iliyooza, na mahali pa kiungo pasifukiwe. Miche iachane mita 2 hadi 3, na waya uwe juu ya ardhi kiasi cha mita 2.

KUPOGOA

Mche ukiwa mchanga, tanzu zote za pembeni ziondolewe mpaka shina lifike kwenye waya. Hapo ncha ikatwe, ili matawi mawili yatoke, moja lielekezwe kulia na jingine kushoto. Kutoka katika matawi hayo zitaning'inia tanzu za kuzaa matunda. Utanzu usiachwe kugusa ardhi. Ukatwe sentimita 15 juu yake. Baada ya mavuno, kila utanzu uliokwisha kuzaa ukatwe, yabaki macho mawili tu. Matawi makubwa ya wayani yasiguswe.

Wengi huona uchungu kukata mmea wa kijani, wakidhani wanapunguza mali. Lakini mvua inyeshapo, majani yaliyosongamana hayakauki upesi, na ndipo madoa ya kahawia hushika majani na matunda. Basi kazi hii ifanywe siku kavu, na yaliyokatwa yachomwe moto.

HATARI YA KISU

Kilimo cha pasheni cha biashara kilianza Kenya katika miaka ya 1930, na mara kadhaa magonjwa yamefuta mashamba makubwa. Ugonjwa mmoja hufanya tunda kuwa dogo na gumu kama kuni, lenye ganda nene na maji kidogo. Huletwa na virusi, na dawa ya kuuponya mmea haipo. Vidukari, wale wadudu wadogo wanyonyao utomvu, huueneza. Na kisu cha mkulima huueneza vilevile.

Kwa hiyo kisu kifutwe kwa spiriti kila baada ya mmea mmoja. Mmea mgonjwa usipogolewe. Ung'olewe na kuchomwa. Kunde zisipandwe kati ya mipasheni, kwa maana huweza kuhifadhi virusi na vidukari. Na jirani akiazima kisu, kisafishwe kinapotoka na kinaporudi, kwani mashamba ya Kisii hupakana ua kwa ua, na uzembe wa mtu mmoja huweza kuwapotezea karo ya watoto watu wa kijiji kizima. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Mwenye mashaka na aulize kwa maafisa wa kilimo wa kaunti, au katika kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilichoko Kisii. Mwenye kushika mambo haya ataona, kabla ya mwaka wa pili kwisha, pasheni za zambarau zikianguka zenyewe chini ya waya, zikingoja kuokotwa.