Moshi Uonekanao na Usioonekana: Injini za Mipigo Miwili na Minne

Pikipiki nyingi zinazopita njia za vumbi na mawe kutoka Runzewe kwenda machimboni hutumia injini ya mipigo minne, ambayo oili yake hukaa mahali pake na haichomwi na petroli. Injini ya mipigo miwili, kama ile ya msumeno wa mnyororo, huchanganyiwa oili kwenye petroli. Ni nyepesi na hupanda mlima kwa nguvu, ndiyo maana wanamashindano wa njia mbaya waliipenda. Lakini sehemu ya petroli hutoka bila kuungua, pamoja na moshi wa buluu unaowasha macho na kifua.

Moshi huo angalau hujitangaza. Injini zote mbili hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Pikipiki ikiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa, au pampu ndani ya duara la machimbo, aina ya injini haimwokoi mtu.

Mgonjwa huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kutapika, mithili ya malaria. Kipimo kikiwa hasi, aulizwe alikuwa wapi na nani. Kifaa cha kidoleni huweza kuonyesha oksijeni ya kutosha, kwa kuwa hakitofautishi gesi hizo mbili, kisiaminiwe. Atolewe kwenye hewa safi, apewe oksijeni nyingi kwa barakoa bila kusubiri. Anayeshuka duarani kumwokoa mwenzake kabla ya injini kuzimwa na hewa kuingizwa huwa mgonjwa wa pili.