Simu Shuleni: Wanafunzi Nao Waulizwe (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza kwa nini shule zetu nyingi za sekondari huwakataza wanafunzi kuwa na simu. Leo tuulize: kanuni hizo zilipoandikwa, mwanafunzi alikuwa wapi?

Watu wa Ngerengere, ambao mto wao unashuka kutoka Uluguru, wanazijua amri zilizotoka juu. Miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Wenye mashamba hawakushirikishwa, na matuta yaliwaongezea kazi huku yakifukua udongo usio na rutuba. Julai 1955 vurugu zikazuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Kilichokosekana ni ridhaa ya washika jembe.

Madhara ya simu nayo ni ya kweli. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 inasema mwanafunzi aliyevurugwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudisha akili kwenye somo. Lakini marufuku peke yake huifikisha simu chini ya godoro la bweni, na wanaojua imefikaje huko ni wanafunzi wenyewe.

Kuwauliza si hisani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Wenzetu wa Kenya, baada ya migomo na moto wa mabwenini mwaka 2008, waliunda baraza la taifa la wanafunzi wa sekondari mwaka 2009. Sheria yao ya elimu ya msingi ya 2013 ikampa mwakilishi wa wanafunzi kiti katika bodi ya shule.

Kushirikisha hakumaanishi wanafunzi wapige kura kufuta katazo. Yapo mengi ya kuamua ndani yake. Mwanafunzi wa kutwa anayetembea mwendo mrefu aikabidhi simu kwa nani asubuhi? Siku ya msiba, mzazi apige namba ipi kumpata mtoto aliye bweni? Simu iliyokamatwa ivunjwe mstarini, au itunzwe na kurudishwa kwa mzazi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye laini?

Maswali haya yaanzie madarasani, kwa karatasi zisizo na majina, maana mbele ya viranja wengi hunyamaza. Baraza la wanafunzi liyachambue, kisha bodi iamue na iwarudishie wanafunzi sababu za kila lililokataliwa.

Wakuu wa shule, kabla ya kubandika kanuni za muhula ujao, zipitisheni madarasani kwanza.

Juma lijalo: wajibu wa mzazi.