Majedwali ya sarufi ya Kijapani

Majedwali ya sarufi ya Kijapani ni karatasi za muhtasari, mara nyingi za ukurasa mmoja, zinazopanga kanuni za lugha ya Kijapani kwa safu na mistari ili mwanafunzi azipate haraka bila kufungua kitabu kizima. Kwa kawaida huonyesha mabadiliko ya vitenzi na vivumishi pamoja na orodha ya maneno madogo yaitwayo joshi. Majedwali haya hufaa sana katika kujifunza maumbo ya maneno, kwa sababu vitenzi vya Kijapani vina kanuni thabiti. Hayatoshi pale mwanafunzi anapotakiwa kuchagua neno linalofaa katika sentensi.

Historia

Wajapani wenyewe walitumia majedwali ya namna hii zamani. Mwaka 1771 mtaalamu Motoori Norinaga (1730–1801), aliyekuwa pia tabibu huko Matsusaka, alitoa Te ni wo ha himokagami. Ilikuwa karatasi moja iliyochapwa, iliyoonyesha jinsi joshi fulani za lugha ya kale zilivyodai mwisho fulani wa kitenzi. Baadaye alieleza kanuni hizo kwa mifano mingi ya mashairi katika kitabu Kotoba no tama no o. Mwanawe, Motoori Haruniwa (1763–1828), alipofuka akiwa mtu mzima lakini aliendelea na utafiti. Kitabu chake Kotoba no yachimata, kilichotolewa mwaka 1808, kilipanga vitenzi katika makundi kufuatana na jedwali la sauti.

Jedwali la sauti

Msingi wa majedwali ya vitenzi ni gojūon, maana yake "sauti hamsini". Hupanga silabi za Kijapani kwa irabu tano: a, i, u, e, o. Kwa mfano, silabi za k ni ka, ki, ku, ke, ko. Mpangilio huu ulitokana na elimu ya Kisanskriti iliyofika Japani pamoja na dini ya Ubuddha.

Vitenzi

Kundi kubwa la vitenzi huitwa godan, yaani "ngazi tano", kwa sababu mwisho wa mzizi hupita katika irabu zote tano. Mfano ni kaku (kuandika):

- ka: kakanai (kukanusha)
- ki: kakimasu (umbo la adabu)
- ku: kaku (umbo la kamusi)
- ke: kakeba (sharti, "nikiandika")
- ko: kakō (kuazimia, "tuandike")

Kundi la pili ni ichidan, "ngazi moja". Hapa silabi ru huondolewa na mzizi haubadiliki: taberu (kula), tabenai, tabemasu. Vitenzi viwili, suru (kufanya) na kuru (kuja), huwa na maumbo ya pekee, na vingine vichache huacha kanuni katika umbo moja tu.

Kama Kiswahili, Kijapani hujenga kitenzi kwa kuunganisha viambishi, lakini huviweka mwishoni na hakina kiambishi cha nafsi. Neno tabenakatta laweza kumaanisha "sikula", "hatukula" au "hawakula". Muktadha ndio unaoamua.

Umbo la -te

Umbo hili huunganisha vitendo na hutumika pia katika maombi. Kwa vitenzi vya godan hutegemea silabi ya mwisho:

- u, tsu, ru huwa -tte: matsu (kusubiri), matte
- mu, bu, nu huwa -nde: nomu (kunywa), nonde
- ku huwa -ite: kaku, kaite
- gu huwa -ide: oyogu (kuogelea), oyoide
- su huwa -shite: hanasu (kusema), hanashite

Iku (kwenda) huacha kanuni hii na kuwa itte.

Joshi

Joshi hufuata nomino na kuonyesha kazi yake katika sentensi. Majedwali mengi huandika kila joshi pamoja na tafsiri yake, na hapo ndipo mwanafunzi anapoweza kupotoka. Msemaji wa Kiswahili anaweza kufikiri kwamba joshi ni ni sawa na kiambishi -ni cha mahali. Kiswahili husema "ninaenda shuleni" na "ninasoma shuleni" kwa umbo lilelile. Kijapani hutenganisha: gakkō ni ikimasu kwa mahali pa kufikia, lakini gakkō de benkyō shimasu kwa mahali pa kutendea kazi. Hata hivyo, kwa kuwapo tu mahali hutumika ni: gakkō ni imasu, "nipo shuleni".

Ugumu zaidi uko kati ya wa na ga. Tanaka-san wa kimashita humzungumzia Tanaka na kusema kwamba alikuja. Tanaka-san ga kimashita hujibu swali "nani alikuja?", karibu na "aliyekuja ni Tanaka". Sentensi zote mbili ni sahihi, na jedwali pekee haliwezi kuonyesha ipi inafaa bila kujua kilichosemwa kabla yake.

Mipaka na matumizi

Vitenzi vingi vinavyoishia kwa -iru au -eru ni vya ichidan, lakini si vyote. Kaeru (kurudi) na hairu (kuingia) ni vya godan, hivyo husemwa kaerimasu na hairimasu. Kiru yenye maana ya kuvaa hutoa kimasu, ilhali kiru yenye maana ya kukata hutoa kirimasu. Jedwali zuri hutaja vitenzi hivi kando.

Kwa sababu hiyo, jedwali hutumika vizuri zaidi pamoja na sentensi kamili. Mwanafunzi anaweza kufunika safu moja, kuandika maumbo yake kwa kumbukumbu, kisha kusahihisha. Kwa joshi, inafaa kuikariri kila moja pamoja na kitenzi chake, kama vile ni iku au de benkyō suru, badala ya kukariri tafsiri ya neno moja.