Majengo ya Kale ya Serikali: Tuyakarabati Vipi?
Sehemu ya Pili: Boriti za Delta ya Rufiji

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini kubomoa ofisi za kale za mwambao ni hasara kwa umma. Leo tuingie ndani, tutazame dari na kuta, kisha tuulize: vifaa vya kuzikarabati vitoke wapi? Sehemu kubwa ya jibu iko Kibiti, kwenye mikoko ya delta ya Rufiji.

Delta hiyo ina hekta zipatazo 50,000 za mikoko, na ndiyo yenye msitu mkubwa zaidi wa aina hiyo Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia huko miti ya kujengea na kuipeleka Zanzibar, Uarabuni na Ghuba. Wajerumani walipoona faida yake, waliufanya msitu huo hifadhi ya serikali mwaka 1898. Miti iliuzwa kwa korija, yaani 20 kwa 20, na kupangwa kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo.

Mti huo ndio uliompangia fundi ukubwa wa chumba. Boriti haivuki nafasi kubwa bila kupinda, hivyo vyumba vya nyumba za mawe vikawa vyembamba na virefu, upana wake ukikaribia mita 3. Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, kisha humwagwa chokaa na kokoto na kushindiliwa mpaka dari ishikane. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa 1866 hadi 1867 zama za Sultani Majid, ni kazi ya namna hiyo. Limekarabatiwa, na tangu 2017 lina kituo cha urithi wa usanifu wa majengo ya jiji. Jengo likipewa kazi, hupata pia mtu wa kuziba paa linapovuja.

Dari ya boriti huanza kuharibika mahali pasipoonekana. Mfereji wa paa ukiziba, maji hushuka ndani ya ukuta na kulowanisha ncha ya boriti iliyozama humo. Katikati mti ni mzima, lakini ncha imeoza au imeliwa na mchwa. Fundi mzoefu hugonga kila boriti kwa nyundo na kusikiliza: nzima hulia kwa sauti kavu, iliyooza hutoa mlio mzito wa uwazi. Hubadilisha zile mbovu tu. Mkandarasi asiyejua kazi hung'oa dari yote, akamwaga zege jipya ambalo kuta za matumbawe hazikujengwa kulibeba.

Kosa la pili ni kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Chokaa huuacha upite, saruji huuzuia. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Hasara ya saruji haiishii hapo, kwani viwanda vyake duniani hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Ukuta mnene wa kale, wenye baraza na madirisha makubwa, hupoza ofisi bila kiyoyozi kufanya kazi kutwa.

Gharama ya kuchelewa tumeiona Zanzibar. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 ambalo baadaye lilikuwa makao ya ofisi za serikali, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha.

Hata hivyo, kurudia vifaa vya kale hakutoshi kuufanya ukarabati uwe endelevu. Tanuri la chokaa hula kuni nyingi, na zamani kuni hizo mara nyingi zilikuwa mikoko. Leo msitu wa delta unabanwa pia na mashamba ya mpunga, hasa upande wa kaskazini. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti yalitukumbusha thamani ya uoto unaoshika tope na kupunguza nguvu ya maji. Kwa hiyo mawe ya ukuta ulioanguka yatumike tena, matumbawe hai yasiguswe, na boriti mpya zitoke kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, zikihesabiwa moja moja. Sehemu ya bajeti ya ukarabati iende kwa vijiji vya delta vinavyopanda na kulinda mikoko.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Maboma yote ya Wajerumani yalijengwa baada ya hapo, na hata Boma la Kale la Dar es Salaam limekosa kwa miaka michache. Jengo la namna hiyo halilindwi mpaka waziri alitangaze rasmi.

Ndiyo maana nawaomba wakurugenzi wa halmashauri za mwambao mambo matatu. Orodhesheni majengo yenu ya kale na kuomba yatangazwe. Safisheni mifereji ya paa kabla ya masika. Na kila mkataba wa ukarabati utaje boriti ngapi zitabadilishwa, zitatoka kijiji gani, na kijiji hicho kitapata nini. Mkandarasi asiyeweza kujibu maswali hayo asikabidhiwe jengo la umma.